Mekanika ya mwaka wa kwanza: soma dalili, fuata kosa hadi lilikoanzia

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyeingia chuo bila fizikia, au aliyeiacha miaka mingi nyuma, na sasa anatakiwa kufaulu kozi ya mekanika kwa sababu anasomea uhandisi, usanifu majengo, tiba ya viungo au kompyuta. Haufundishi kozi upya. Unachukua malalamiko yanayojirudia kila muhula na kuyapanga kwa dalili: kile unachokiona kwenye karatasi yako, kisha sababu zake, inayotokea mara nyingi ikitangulia na iliyo adimu ikifuata.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kosa halikai pale linapoonekana. Linaonekana mstari wa mwisho, kwenye namba, lakini limezaliwa juu, mara nyingi kwenye mchoro, na wakati mwingine kabla hata ya mchoro, pale ambapo hukuamua unazungumzia kitu gani. Basi usianze kufutafuta kutoka chini. Anza juu ushuke.

Dalili ya 1: Njia inaonekana sawa, jibu silo

Usilifanye swali lote upya. Utalirudia pamoja na kosa lake. Chukua jibu lako na jibu la kitabu, gawanya kubwa kwa dogo, uangalie uwiano. Mara nyingi uwiano wenyewe unamtaja mhalifu:

- 3.6: kasi ilitolewa kwa kilomita kwa saa, nawe hukuigeuza kuwa mita kwa sekunde. Ukiona karibu 13, ni kosa hilohilo limeingia kwenye fomula yenye kasi kipeo cha pili, kama nishati mwendo au umbali wa kusimama kwa breki.
- 9.8: umechanganya tungamo na uzito. Kilo ni tungamo. Uzito ni kani (msukumo au mvuto) na hupimwa kwa nyutoni; mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588.
- 2: umesahau nusu katika ½mv² au ½at², au umeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo.
- 1.73: umebadilishana sine na kosine kwenye pembe ya nyuzi 30 au 60.
- 1.41: nenda moja kwa moja Dalili ya 6.
- 100, 1000 au 10,000: sentimita, gramu, au sentimita za mraba.
- 1.02: huna kosa. Mmoja wenu ametumia g (nyutoni za uzito kwa kila kilo) = 9.8, mwingine 10.

Uwiano ukiwa hauna sura yoyote, tena jibu limekuja na alama hasi usiyoitarajia, kamata kikokotoo. Andika sin 30. Ukipata 0.5, kiko kwenye nyuzi, mambo ni shwari. Ukipata −0.988 kiko kwenye radiani. Vikokotoo vingi vina hali ya tatu pia, inayogawa pembe mraba sehemu 100, na huko sin 30 hutoa 0.454. Hii ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu 0.454 iko karibu na 0.5 kiasi cha kutokushtua. Fanya jaribio hili dakika ya kwanza ya kila mtihani. Kikokotoo cha kuazima, usikiamini kabisa.

Baada ya hapo, vizio. Viandike kwenye kila mstari, si mwishoni tu. Ukitafuta umbali ukabaki na mita kwa sekunde, kuna herufi imepotea njiani, na unaweza kupanda mstari kwa mstari hadi pale vizio vilipoharibika. Ukaguzi huu una udhaifu wake: hauoni nusu iliyosahaulika, maana nusu haina kizio. Lakini kwa yanayobaki ni askari mzuri. Wanaouona ni kazi ya watoto wakumbuke chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea mwaka 1999 kilipofika sayari ya Mars. Programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa pauni za kani mara sekunde, upande wa pili ukazisoma kama nyutoni mara sekunde. Uwiano wake ni 4.45, na hakuna aliyeugundua kwa wakati.

Sababu ya mwisho ni kukadiria mapema. Ukikata namba kuwa tarakimu mbili kila hatua, hatua ya tano imeshateleza. Beba herufi hadi mwisho, weka namba mara moja.

*Simama hapa:* umekagua kikokotoo, vizio na mchoro, na wenzako wawili waliofanya peke yao wamepata jibu lako. Acha kujitesa. Majibu ya nyuma ya kitabu hukosewa, na huyo ni mzigo wa mhadhiri, si wako.

Dalili ya 2: Mhadharani unaelewa kila kitu, mbele ya swali unaganda

Sababu kuu ni kutafuta fomula kabla ya kuelewa kinachotokea. Unasoma swali, unaona "kasi", unakimbilia orodha ya fomula, na kila yenye herufi v inakuita. Funika orodha hiyo. Soma swali, kisha lieleze kwa sentensi mbili zisizo na namba: nini kinafanya nini, na nini kinabadilika. Kama huwezi, hujalielewa swali, na hakuna fomula itakayokuokoa.

Sababu ya pili: umekuwa ukisoma suluhisho za wengine ukidhani unafanya mazoezi. Kufuata hoja ya mtu na kuijenga mwenyewe ni kazi mbili tofauti. Kipimo ni rahisi. Chukua swali ulilolielewa jana, funga daftari, lifanye kwenye karatasi tupu. Pale utakapokwama ndipo palipo na shimo, na sasa unajua pa kuchimba.

Ya tatu ni kutokuchagua kitu. Swali lina sanduku, kamba, kapi na sanduku jingine. Wewe umeandika mlinganyo mmoja unaochanganya vyote. Utaratibu ni huu, na hauna njia ya mkato: chagua kitu kimoja, kizungushie mstari, kichore peke yake pembeni kikiwa kimeondolewa katika mazingira yake, weka kani zote zinazofanya kazi *juu yake*, chagua mihimili, halafu ndipo uandike kwamba jumla ya kani ni tungamo mara mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde). Kisha rudi uchukue kitu cha pili.

Jaribu na vitu viwili vinavyoning'inia pande mbili za kapi jepesi lisilo na msuguano, kilo 3 na kilo 2. Kosa maarufu ni kusema mvutano wa kamba upande wa kilo 3 ni uzito wake, nyutoni 29.4. Ingekuwa hivyo, jumla ya kani juu ya kilo 3 ingekuwa sifuri na isingeanza kushuka kamwe. Kwa kuandika mlinganyo mmoja kwa kila kitu, mchapuko unatoka 1.96 m/s² na mvutano nyutoni 23.5. Angalia namba hiyo inakaa wapi: juu ya uzito wa kitu chepesi, 19.6, na chini ya uzito wa kitu kizito. Ni lazima ikae hapo, kwa kuwa chepesi kinapanda na kizito kinashuka kwa kasi inayoongezeka. Ukipata mvutano nje ya mipaka hiyo huna haja ya kufungua majibu.

*Simama hapa:* dakika arobaini zimepita kwenye swali moja na kumi za mwisho hukuandika kitu kipya. Andika sentensi moja ya kile usichokijua, nenda swali jingine. Sentensi hiyo ndiyo utakayompelekea mkufunzi.

Dalili ya 3: Mchoro wa kani una mishale mingi kuliko wa mhadhiri

Hapa ndipo kozi nzima hushinda au kushindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mshale wa ziada unaoonekana mara nyingi kuliko yote ni "kani ya mwendo". Mpira umerushwa juu, umeshaachana na mkono, unapanda. Mwanafunzi huchora uzito kuelekea chini, kisha mshale wa pili kuelekea juu, "kani ya mkono", kwa hoja kwamba kama hakuna kani ya juu, mpira unapandaje? Usijione mjinga, wasomi walibishana kwa karne nyingi wakiwa na wazo linalofanana na hilo, hadi Galileo alipolitikisa na Newton, mwaka 1687, alipoweka sheria zake tatu. Jibu lao ni kwamba mwendo hauhitaji kani ya kuutunza. Kani huubadilisha. Mpira unapanda kwa sababu tayari ulikuwa unapanda, na uzito unaula mwendo huo kidogo kidogo. Ukipuuza hewa, mshale ni mmoja tu, chini, tangu mpira unapoachana na mkono hadi unaporudi.

Swali pacha lake: mpira ukiwa kileleni kabisa, kasi ni sifuri, mchapuko je? Wengi hujibu sifuri. Ni 9.8 m/s² kuelekea chini, kama kawaida. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, kasi ingebaki sifuri na mpira ungening'inia hewani.

Dawa ya mishale ya uongo ni kuudai kila mshale utaje mtendaji. Jaza sentensi hii: "Kani ya ____ juu ya ____." Kani ya dunia juu ya mpira, sawa. Kani ya meza juu ya kitabu, sawa. Kani ya… mwendo? Mwendo si kitu, hausukumi. Futa. Na katika kozi hii, mbali na mvutano wa dunia (na sumaku au umeme kama swali limevitaja), mtendaji lazima awe anakigusa kitu. Basi pitisha kidole kukizunguka kitu chako. Kila kinachokigusa kinaweza kuleta kani, kisichokigusa hakileti.

Mshale wa pili wa uongo ni *ma*. Wengine wanauchora kama kani inayosaidiana na nyingine. Tungamo mara mchapuko ni matokeo ya kujumlisha mishale, unakaa upande wa pili wa alama ya usawa, hauchorwi pamoja nayo.

Wa tatu ni "kani ya kuelekea kitovu" kwenye mzunguko. Hiyo si kani mpya. Ni cheo tu, na kuna kani ya kawaida inayokishika. Jiwe kwenye kamba: kamba ndiyo inayovuta. Setilaiti: dunia. Gari kwenye kona tambarare: msuguano wa barabara juu ya matairi. Gari la kilo 1000 likipita kona ya nusukipenyo cha mita 50 kwa mita 20 kwa sekunde linahitaji nyutoni 8000 kuelekea ndani, na zote zitoke barabarani. Hilo linadai kizigeu cha msuguano (μ, uwiano wa msuguano wa juu kabisa na kani ya barabara inayolisukuma gari juu) cha karibu 0.82, kiasi ambacho lami kavu yaweza kumudu na lami iliyolowa huenda isimudu. Abiria anayehisi anatupwa nje hatupwi na mtu; mwili wake unataka kwenda moja kwa moja, na mlango ndio unaomsukuma ndani.

Sababu ya nne haionekani sana kwenye mchoro lakini inaharibu mantiki: kuweka jozi ya sheria ya tatu ya Newton (A ikiisukuma B, B nayo huisukuma A kwa kani sawa, upande wa kinyume) juu ya kitu kimoja. Kitabu kipo mezani. Meza inakisukuma juu, dunia inakivuta chini, kani mbili ziko sawa, na mwanafunzi anasema hiyo ndiyo kani na mrejesho wake. Hapana. Zote mbili zinafanya kazi juu ya kitabu, na zinalingana kwa sababu tu kitabu kimetulia. Mwenzi wa "meza juu ya kitabu" ni "kitabu juu ya meza". Mwenzi wa "dunia juu ya kitabu" ni "kitabu juu ya dunia". Geuza majina mawili ya sentensi. Kama hayakugeuka, si jozi. Ukilishika hili, kitendawili cha farasi na mkokoteni (kama mkokoteni unamvuta farasi nyuma kwa kani ileile, unasogeaje?) kinaisha: kani mbili zinazolingana haziuani, maana moja iko juu ya mkokoteni na nyingine juu ya farasi.

Uthibitisho mzuri kwamba kani ya uso (ile ya meza au sakafu kukisukuma kitu) si mwenzi wa uzito ni lifti. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye lifti inayochapuka kwenda juu kwa 2 m/s², sakafu inamsukuma kwa 60 × (9.8 + 2) = nyutoni 708. Uzito wake umebaki 588. Jozi za sheria ya tatu haziachani hivyo hata siku moja.

*Simama hapa:* wiki kadhaa zimepita, unapata namba sahihi, lakini moyoni bado unaamini mpira unaopanda una kani ya juu. Maswali zaidi ya hesabu hayatakusaidia. Mwombe mhadhiri maswali ya dhana yasiyo na hesabu. Lipo jaribio liitwalo Force Concept Inventory, lililochapishwa Marekani mwaka 1992, ambalo majibu yake ya mtego yametokana na fikra hizihizi za wanafunzi. Wahadhiri wengi wanalifahamu, na ukikosa swali lake mazungumzo yanaanzia mahali panapostahili.

Dalili ya 4: Kila swali la msuguano linakutoka vibaya

Karibu kila mara chanzo ni kuandika N = mg bila kufikiri. Kani ya uso, N, haina fomula yake. Inatoka kwenye mlinganyo wa mhimili unaokutana na uso kwa pembe mraba, kila swali upya.

Sanduku la kilo 20 liko sakafuni, linavutwa kwa kamba yenye mvutano wa nyutoni 80, ikiinuka nyuzi 30 juu ya mlalo. Kizigeu cha msuguano wa mwendo ni 0.3. Kamba inabeba sehemu ya mzigo: 80 sin 30° = 40. Kwa hiyo sakafu inasukuma kwa 196 − 40 = 156, msuguano ni 46.8, na mchapuko unatoka 1.12 m/s². Aliyeweka N = mg anapata msuguano wa 58.8 na mchapuko wa 0.52, chini ya nusu. Kosa dogo juu, hasara kubwa chini.

Sababu ya pili ni kuutoza msuguano tuli (wa kitu ambacho bado hakijateleza) thamani yake ya juu hata pasipohitajika. Kama sakafu inaweza kuzuia hadi nyutoni 50 na wewe unasukuma kwa 10, msuguano ni 10, basi. Ungekuwa 50, sanduku lingerudi nyuma kukufuata. Zao la μ na N ni kikomo. Linakuwa jibu pale tu swali linaposema kitu kiko karibu kuteleza.

Tatu, sine na kosine kwenye mteremko. Usikariri. Chukua pembe iwe sifuri: mteremko umekuwa sakafu, sehemu ya uzito inayovuta kitu kushuka lazima ipotee, na kipimo kinachopotea kwenye sifuri ni sine. Kwa hiyo mg sin θ inafuata mteremko, mg cos θ inagandamiza uso. Jihadhari na maswali yanayopima pembe kutoka kwenye wima. Huko viwili hivyo hubadilishana, na jaribio la sifuri bado litakuonyesha.

Dalili ya 5: Muda hasi, tungamo hasi, vitu vinavyoanguka kwenda juu

Ni ishara. Chora mshale wa mhimili, andika "+" kwenye ncha yake, na usiuguse tena hadi swali liishe. Wengi huanza na juu kama chanya, mpira ukianza kushuka wanageuza katikati. Herufi g yenyewe ibaki 9.8 chanya, ishara iweke mbele yake kulingana na mhimili.

Lakini si kila hasi ni kosa. Mpira unarushwa juu kwa 15 m/s kutoka kwenye paa la mita 20. Mlinganyo wa kugusa ardhi unatoa majibu mawili, sekunde 4.07 na sekunde −1.00. La pili si uchafu: linasema kwamba mpira huo ungeweza kuwa umerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla na kupita paani kwa kasi ileile. Hesabu haijui kwamba kulikuwa na mtu amesimama juu. Wewe unajua, kwa hiyo wewe ndiye unayechagua.

Tungamo hasi haina maelezo ya namna hiyo. Rudi juu.

Dalili ya 6: Jibu linaonekana la busara lakini si sahihi, hasa penye springi

Fomula za v = u + at na ndugu zake zinafanya kazi mchapuko ukiwa thabiti tu. Kabla ya kuzitumia jiulize: kani inabadilika kitu kikisogea? Springi inabadilika. Ukinzani wa hewa unabadilika. Kamba ya bembea inabadilika.

Springi ya nyutoni 200 kwa mita imebanwa mita 0.1 na inasukuma kitu cha nusu kilo kwenye uso laini. Mwenye haraka anasema: kani ni 20, mchapuko ni 40, v² = 2 × 40 × 0.1, kasi ni 2.83. Kwa nishati: ½ × 200 × 0.1² = juli 1, nayo yote inakuwa nishati mwendo, kasi ni 2. Gawanya: 1.41. Umeichukulia springi kana kwamba ilisukuma kwa nguvu zake za mwanzo hadi mwisho, kumbe ilikuwa inachoka njiani.

Kanuni ya mkono: swali likitaja umbali na kasi bila kuuliza muda, jaribu nishati kwanza. Likiuliza muda huku kani inabadilika, utahitaji kalikulasi.

Dalili ya 7: Migongano haitoi jibu moja

Unatumia nishati mahali pa momentamu (tungamo mara kasi). Kitu cha kilo 2 kinachokwenda 6 m/s kinagonga cha kilo 1 kilichotulia, vinagandana. Momentamu: 12 = 3v, kasi 4 m/s. Nishati mwendo ilikuwa juli 36, imebaki 24; 12 zimeishia kwenye joto, sauti na mbonyeo. Aliyelinganisha nishati anapata 4.9 m/s, na akirudi kukagua ataona momentamu imepanda kutoka 12 hadi 14.7 bila yeyote kuisukuma. Wakati wa mgongano tumia momentamu. Nishati itumie kabla na baada, au pale swali linaposema wazi kwamba mgongano hautafuni nishati mwendo.

Dalili ya 8: Maabara inakupa g ya sayari nyingine

Kwa jaribio la pendulamu, umepata 12.1? Umehesabu vibaya mibembeo. Ulisema "moja" ulipoiachia, ukasimamisha saa kwenye "kumi", yaani umepima mibembeo tisa ukagawa kwa kumi. Anza na "sifuri". Umepata chini ya 9.8 kwa asilimia chache? Huenda umepima uzi hadi juu ya gololi inayoning'inia. Urefu ni hadi katikati yake. Kisha angalia pembe ya kuachia, maana fomula inadai mbembeo mdogo, nyuzi kumi au pungufu ni salama. Pendulamu ya mita 1 inapaswa kwenda na kurudi kwa sekunde 2.0 hivi, kwa hiyo utagundua tatizo kabla hujaondoka maabara. Kati ya ikweta na ncha za dunia g hutoka 9.78 hadi 9.83 tu, usiisingizie jiografia.

*Simama hapa, na hili si la kujadili:* springi iliyovutwa ikabaki na umbo jipya, gurudumu zito linalozunguka na kutikisika, mzigo unaoning'inia kwenye kamba iliyochanika nyuzi, leza isiyo na kinga. Ondoa mikono, sogea, mwite fundi sanifu wa maabara. Usijaribu kurekebisha ili umalize ripoti.

Dalili ya 9: Fizikia unaielewa, hesabu inakugomea

Mchoro ni sahihi, milinganyo ni sahihi, halafu mistari mitatu baadaye kila kitu kimevurugika. Sababu, kwa mpangilio: kuhamisha herufi upande wa pili bila kugeuza ishara, kukata kipeuo cha pili cha jumla kana kwamba ni jumla ya vipeuo, na milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili. Jipime kwa dakika tano: toa t kutoka s = ½at², kisha toa θ kutoka mg sin θ = μ mg cos θ. La pili likikushinda, tatizo haliko kwenye mekanika, na kuongeza saa za mekanika ni kumwaga maji kwenye pakacha. Tafuta darasa la msingi la hisabati au mkufunzi wa hisabati sasa, kabla kozi haijafika kwenye mizunguko na mitetemo, kwa kuwa huko sine na kosine haziondoki tena.

Ukienda kumwona mhadhiri, usiende na "sielewi sura ya nne". Nenda na swali moja, mchoro wako kama ulivyouchora, bila kuufuta makosa, na alama ya kalamu kwenye mstari wa kwanza usioujua. Ataanza kwa kuangalia mchoro. Kama kukosa usingizi na hofu ya mtihani vimeshazidi kiwango cha masomo, mshauri wa wanafunzi ndiye wa kuonwa kwanza, na mlinganyo utasubiri.